Kwa wanaoanza kutafsiri Kiingereza cha zamani

Wenzangu mnaoingia katika kazi hii, neno gumu la Kiingereza halitawasumbua sana. Usilolijua utalifungulia kamusi, mambo yatakwisha. Linaloponza ni lile ulilolizoea tangu shule ya msingi, maana hilo hulitilii shaka.

Mwaka wangu wa kwanza nilipewa maandishi ya historia ya biashara katika Bahari ya Hindi. Humo Waingereza walikuwa na "factory" huko Surat, magharibi mwa India, katika karne ya 17. Nikaandika "kiwanda", nikaendelea na kazi. Mhariri wetu, mzee aliyesoma kila mstari akiwa na kalamu mkononi, aliniita akaniuliza: "Mwanangu, kiwanda hicho kilikuwa kinatengeneza nini?" Sikuwa na jibu. Zama hizo "factor" alikuwa wakala anayenunua na kuuza kwa niaba ya kampuni, na "factory" ni kituo walichokaa mawakala hao pamoja na maghala yao. Kiwanda cha kutengenezea bidhaa ni maana iliyokuja kushika baadaye. Nilirudia sura nzima, kwa sababu kosa lile moja lilikuwa limeshavuta mengine: nilishawapa mawakala wale mishahara ya vibarua na zamu za kazi.

La hatari zaidi ni "intercourse". Katika mikataba ya biashara ya karne ya 19, hayo ni mahusiano ya kawaida kati ya nchi na nchi, watu kwenda na kurudi na bidhaa zao. Ukilichukua kwa maana iliyozoeleka leo, ya tendo la ndoa, utamvunjia heshima aliyeandika na wewe mwenyewe.

Mnaotafsiri mambo ya dini, someni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 mkiwa na ya Kiswahili pembeni. Katika 1 Wathesalonike 4:15 mtakuta "prevent", neno ambalo leo ni kuzuia. Biblia yetu inasema "hatutawatangulia", nayo iko sahihi kabisa, kwa kuwa asili ya "prevent" ni neno la Kilatini lenye maana ya kuja mbele. Njia iliyopitiwa na neno hili naipenda mno: anayekutangulia katika kichochoro chembamba huwa amekuzibia njia. Maana haikuruka, ilisogea. Kwa hiyo msikariri maana ya zamani na ya sasa peke yake, tafuteni na hatua ya katikati. Mkiiona, neno hilo halitawapotea tena.

Ila msilazimishe. "Let" ya kuruhusu na "let" ya kuzuia ni vitenzi viwili tofauti tangu zamani, matamshi yake tu ndiyo yaliyokuja kufanana. Cha kuzuia karibu kimekufa, kimebaki mahali pachache kama katika maneno ya pasipoti ya Uingereza, "without let or hindrance". Na "meat" ya Mwanzo 1:29 si nyama, ni chakula tu, tena cha mimea na matunda.

Hata sisi tunayo haya. Meli imetokana na "mail", yaani barua, kwa sababu ya vyombo vilivyoleta barua pwani, na sasa tunakiita hivyo hata kile kinachobeba mafuta ghafi.

Mkikaa mezani, anzeni na mwaka. Mimi huuandika juu ya ukurasa kabla sijagusa sentensi. Kisha nafungua Oxford English Dictionary, kamusi kubwa iliyoanza kuchapishwa kwa mafungu mwaka 1884 ikakamilika 1928, kwa sababu kila maana imewekewa mifano yenye tarehe. Someni mifano ya miaka iliyo karibu na maandishi yenu. Kamusi ndogo za wanafunzi hazitoshi kwa kazi hii, zinatoa maana ya leo. Kama ile kubwa hamna, ulizeni maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu.

Wekeni pia daftari la maneno yaliyowahi kuwakwamisha. Katika langu limo "presently". Kwa Mmarekani mara nyingi ni sasa hivi, kwa Mwingereza ni baadaye kidogo, na katika Mathayo 21:19 ya mwaka 1611, mtini uliolaaniwa ulinyauka "presently". Kwa Kiswahili: ukanyauka mara.