"Late": aliyechelewa na aliyefariki

SWALI: Nilifiwa na baba, nikamwandikia mkuu wangu wa kazi, Mwingereza, "My father is late" nikiomba ruhusa. Akaniuliza mzee anatarajiwa kufika saa ngapi. Nani alikosea? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Pole kwa msiba. Sentensi yako inaeleweka vizuri katika Kiingereza cha huku kwetu na cha kusini mwa Afrika. Kwa Mwingereza au Mmarekani, "late" ikikaa baada ya "is" kwa mtu, maana ni moja tu: amechelewa. Maana ya marehemu huja pale kivumishi hiki kinapotangulia nomino, na mbele yake pakawa na "the", "my", "his" na wenzao: "my late father", "the late Julius Nyerere". Taarifa ya msiba iandike "My father has died" au, kwa upole zaidi, "My father has passed away". "My father is dead" haina kosa la sarufi, ila kwa barua ya kazini ni kavu mno.

Hata hapo, "the late" haiendi sambamba na "marehemu". Waingereza huitumia kwa mtu ambaye kifo chake bado ni kipya, au ambaye waliomfahamu wangali hai. Nyerere, aliyefariki Oktoba 1999, bado anaitwa hivyo. Shakespeare, aliyefariki 1616, ukimwita "the late" watu watacheka. Sisi Shaaban Robert, aliyefariki 1962, tunamwita marehemu bila wasiwasi wowote.

Lingine linalowaponyoka hata waandishi wa habari: "The late Nyerere stepped down in 1985". Mwaka huo alikuwa hai! Kama kitendo alikifanya enzi za uhai wake, andika jina tupu.

Angalia pia miaka. "The late 1990s" ni mwishoni mwa miaka ya 1990, tuseme 1996 hadi 1999, na mtu aliye "in his late forties" ana miaka 47, 48 au 49. Tafsiri za mashine zina mtindo wa kuingiza "marehemu" mahali kama hapa; zikague kabla ya kuchapisha.

SWALI: Ni "late 20 minutes" au "20 minutes late"? Na nifuatishe "for" au "to"? (Mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Kipimo hutangulia: "The bus was 20 minutes late". Kwa tukio au mahali pa miadi tumia "for": "late for the meeting", "late for work". Wamarekani husema pia "late to work", lakini kwenye mtihani wa huku "for" ni salama zaidi. Kitu unachodaiwa huchukua "with": "late with the rent". Usiseme "I will be late to come". "I will be late" inatosha.

Kosa baya zaidi ni "He came lately" kwa mtu aliyechelewa. "Lately" maana yake siku hizi, na hukaa na sentensi kama "I haven't seen him lately". Kielezi cha kuchelewa ni "late" ileile, bila kuongeza chochote: "He came late".

SWALI: Bosi anaandika "Submit latest by Friday". Ni sahihi? (Karani, Kampala)

JIBU: Imezoeleka maofisini, ila Kiingereza sanifu husema "by Friday at the latest". Ukiandika kuhusu mwandishi aliye hai, kitabu chake kipya ni "his latest book". "His last book" inaweza kusomeka kama kwamba hataandika kingine.