Shangazi, mume wangu hataki kusimama njiani

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, nimeolewa Marangu, tunaishi Tabata na watoto wawili, wa miaka 12 na 9. Kila Desemba tunaondoka Dar saa nne usiku na kufika kwa mama mkwe asubuhi, watoto wamelala njia nzima. Mwaka jana baba yao alisinzia kwenye usukani karibu na Korogwe, Mungu akatuokoa. Mwaka huu nimemwomba tusafiri mchana, tupitie Lushoto na hifadhi ya Mkomazi. Anasema mbuga ni za wazungu na mama yake hawezi kungoja. Nina akiba yangu ya kikoba. Nimepanga nipande basi na watoto, nizunguke nao, yeye atukute Marangu. Je, nakosea? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na Korogwe, maana hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Umeitaja kwa sentensi moja halafu ukahamia kwenye mbuga, nami nakuomba ugeuze mpangilio huo unapozungumza na mumeo. Mtu ametoka kazini, amefunga mizigo, anashika usukani saa nne usiku, mbele yake malori na mabasi yanapishana hadi alfajiri. Hilo la usiku usilibembeleze. Mwambie wazi: watoto hawapandi gari usiku tena. Likishakubaliwa, mengine yanazungumzika.

Sasa la basi. Usifanye hivyo. Umeolewa uchaggani, unajua Desemba ina maana gani kule. Watu husema wanakwenda kuhesabiwa, na kweli wanahesabiwa: nani amekuja, na nani, kwa gari gani, amekaa siku ngapi. Ukitokea kihambani, shamba la ukoo, siku tofauti na mumeo, kabla mtori haujaiva ukoo mzima utakuwa na maelezo yake kuhusu ndoa yenu. Safari uliyoitaka kwa ajili ya watoto itageuka kesi ya wazee.

Na sidhani mumeo anadharau unachokitaka. Kwake barabara ile ina mwisho mmoja tu, mama aliyekaa barazani anasikiliza kila gari linalopanda. Kila saa mnayokaa njiani anaihesabu kama saa aliyomnyima mama yake. Kwa hiyo mpigie mama mkwe wewe mwenyewe. Mwambie, "Mama, mwaka huu tutalala njiani siku mbili ili wajukuu wako wafike salama, na tukifika tunataka tukupeleke mpaka lango la hifadhi ya mlima." Wazee wengi wa Marangu wameishi chini ya Kilimanjaro maisha yao yote, wakiona wageni wakipanda, bila wao kuingia hata siku moja. Mama akisema "njooni polepole", mumeo atakuwa amebakiwa na ubishi gani?

Njia yenyewe ni hii. Ondokeni alfajiri, mpite Chalinze na Segera, mashamba ya mkonge yakianza watoto wawe macho. Mombo mnakata kulia kupanda Usambara. Kona ni nyingi na kali, kwa hiyo msile chakula kizito kabla ya kupanda, na wakati wa kushuka baba atumie gia ndogo, asitegemee breki peke yake. Mtapita maporomoko ya Soni. Lushoto laleni na nguo za baridi! Mimi nilisoma bweni milima ile, na bado nakumbuka ukungu ukiingia dirishani kama mtu aliyekaribishwa. Asubuhi nendeni Irente, mtoto asimame pale aone nyika ya Wamasai imelala chini yake. Hapo hakuna haja ya simba wala tembo.

Siku ya pili shukeni, mfuate milima ya Upare hadi Same. Lango la Zange la Mkomazi liko kilomita chache tu kutoka mjini, kwa hiyo laleni Same mwingie alfajiri. Mkomazi ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, nayo imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya, tembo huvuka mpaka bila kuulizwa pasi. Kuna mbwa mwitu, na kuna faru weusi waliokuwa wamemalizwa na majangili wakarudishwa, wengine kutoka Afrika Kusini. Ila nikuambie ukweli: Desemba mvua za vuli zinakuwa zimeotesha majani na kujaza madimbwi, wanyama hutawanyika. Waandae watoto kwamba huenda wakaona twiga na pundamilia tu. Na kama gari lenu ni Noah au dogo kuliko hiyo, liacheni Same mkodi gari la juu. Udongo ukilowa utanasa.

Kuhusu "mbuga ni za wazungu", mjibu kwa hesabu. Kiingilio cha mgeni si sawa na cha raia, na tofauti ni kubwa mno. Bebeni vitambulisho vya NIDA, vya watoto vyeti vya kuzaliwa, na muulize mapema namna ya kulipa, maana malangoni pesa taslimu mara nyingi hazipokelewi. Kitakachokula akiba yako ni malazi na gari la kukodi. Itoe akiba hiyo mezani kama mchango wako, usiifiche kama silaha.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa upendo. Katika barua yako nzima, anayewaonyesha watoto ni wewe. Mwachie mumeo mlima. Ni wa kwao. Yeye ndiye aliyesikia utotoni jinsi Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa Kibo akapigwa hadi akabaki na mapengo yale. Kutoka Same mtafika Himo jioni, na mara nyingi saa hizo mawingu huanza kufunguka. Kabla hamjakata kwenda Marangu, mwombe asimamishe gari, watoto washuke, na swali lao la kilele kipi ni kipi wamuulize yeye.

Shangazi