Kemisti 171, kituoni 152, nyumbani 128: presha ya mama nishike namba gani?

SWALI: Habari daktari. Mamangu ana miaka 61, tuko Nyalenda hapa Kisumu. Alipatikana na presha mwaka jana akawekwa amlodipine ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Shida yangu ni namba. Juzi kwa kemisti ilisoma 171/99 wakamwambia ameze viwili, kituo cha afya ikasoma 152/90, na nyumbani kwa ile mashine ndogo ya kufunga kwa kifundo cha mkono inasoma 128/76. Kwa kemisti alikuwa ameshuka tu kwa boda, akapimwa akiwa amesimama kwa kaunta. Kituoni alikuwa kwa laini tangu asubuhi. Nyumbani huwa analala kwa kochi tunamwekea mkono juu ya mto. Alafu miguu inafura jioni, anasema hii dawa inamharibu figo, ashaiacha mara kadhaa na anasema akiacha hasikii mabaya yoyote. Nishike namba gani, na dawa niongeze ama nipunguze?

JIBU: Dada yangu, kwa sasa usishike hata moja kati ya hizo tatu, na hicho kidonge usiongeze wala usikate nusu mpaka tupate namba zinazoeleweka. Sisemi hivyo kukutisha. Umenieleza vizuri sana vile mama alipimwa kila mahali, na hayo maelezo yamenisaidia kuliko namba zenyewe, maana kila mahali kuna kitu kilisukuma namba upande fulani.

Tuanze na kemisti. Mama ameshuka kwa boda, ameingia, amesimama, mkono haujaegemea vizuri, kama alikuwa na sweta pengine mkanda umefungwa juu yake, na huku anaulizwa maswali na yeye kwa heshima zake anajibu. Kila moja ya hayo hupandisha presha kivyake. Kuongea tu wakati mashine inafinya kunaweza kuongeza kama 10 kwa ile namba ya juu, mkono usioegemea kitu pia unaweza kuongeza kama hiyo, alafu mtu hajapumzika hata dakika moja. Ukizijumlisha zote unapata 171 kwa mtu ambaye pengine hana 171. Na kuambiwa aongeze kidonge kwa kipimo kimoja cha kusimama, hilo silikubali hata kidogo. Kemisti ni mahali pazuri pa kugundua kwamba mtu anahitaji kuangaliwa, lakini dozi haibadilishwi pale kwa kaunta.

Kituoni napo kuna kitu ambacho sisi tunaofanya kazi kliniki tunakiona kila siku, mama anakaa kwa benchi kutoka saa moja asubuhi na haendi choo kwa sababu akiondoka atapoteza nafasi, mpaka anafika mezani kibofu kimejaa na amechoka na ana wasiwasi ataambiwa nini. Kibofu kilichojaa hupandisha presha. Na kuna watu wengi tu ambao presha yao hupanda wakimwona daktari, wakirudi nyumbani inashuka. Ile 152/90 naiheshimu kuliko zile zingine mbili, lakini bado ni kipimo kimoja cha siku moja.

Sasa nyumbani, ambako nafikiri ndo mnaona mko salama. Damu ina uzito. Pale unapopimia pakiwa chini ya usawa wa moyo, ule uzito hujiongeza kwa kipimo, pakiwa juu ya moyo hupunguza, na hesabu yake ni kama 7 mpaka 8 kwa kila sentimita 10. Mama amelala kwa kochi, mkono uko juu ya mto, kifundo kinaweza kuwa sentimita 15 juu ya moyo bila nyinyi kuona shida yoyote, na hapo umeshampunguzia 10 na kitu ambazo hazijapungua popote mwilini. Ndio maana mashine za kifundo hazinipendezi kwa mgonjwa kama mama, mkono ukisogea kidogo tu namba inabadilika. Kwa hivyo kosa la kemisti linaonyesha presha mbaya kuliko ilivyo, na hili la nyumbani linaficha presha ambayo ipo, na mimi hilo la kuficha ndo naliogopa zaidi.

Hii ndo njia ningetaka mfuate. Tafuteni mashine ya kufunga mkono wa juu, hapa juu ya kiwiko. Kama bei inawalemea, ongea na majirani, presha haiko kwa nyumba moja, watu watatu wakichanga mashine inapatikana na inazunguka. Kabla ya kununua chukua tepu ya fundi wa nguo upime mzunguko wa mkono wa mama katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Akiwa na 34 ama 36, na akina mama wengi wa umri wake wanafika hapo, uliza mkanda mkubwa, ule wa 32 hadi 42. Mkanda mdogo kwa mkono mnene husoma juu, na kuna watu wanaongezewa dawa mwaka mzima sababu ya mkanda tu. Ukiipata ile mashine, ibebe siku ya kliniki, nesi ampime kwa ya kituo na kwa yenu pale pale, ujue zinapishana kiasi gani.

Kupima kwenyewe: asubuhi kabla ya chai na kabla ya dawa, aende choo kwanza, akae kwa kiti chenye mahali pa kuegemea mgongo, nyayo zote mbili chini na miguu isipishane, mkono juu ya meza ili mkanda uwe usawa wa moyo, mkanda uguse ngozi, alafu akae kimya dakika 5. Kimya kabisa, hata wewe usimwongeleshe, simu weka mbali. Pima, ngoja dakika moja, pima tena, andika zote mbili kwa daftari na saa yake. Jioni rudia, na kama amekunywa chai ama kahawa ngoja nusu saa. Siku ile ya kwanza pima mikono yote miwili, na ule ulio juu ndo utautumia kila siku. Fanyeni siku 7. Namba za siku ya kwanza usizihesabu, mwili bado unazoea, hizo zingine zote jumlisha ugawanye upate wastani. Huo wastani ndo presha ya mama. Nyumbani tunataka uwe chini ya 135/85, ambayo inalingana na ile 140/90 tunayotumia kliniki. Na tafadhali usifute ile namba mbaya moja ukaacha nzuri, niandikie zote, hata ile ya siku aligombana na watoto.

Nije kwa dawa, maana hapa ndo moyo wangu uko. Mama anasema akiacha hasikii mabaya, na hadanganyi. Amlodipine hutoka mwilini polepole, nusu yake huchukua kama masaa 30 hadi 50 kutoka, kwa hivyo akiacha Jumatatu, Jumatano bado inafanya kazi, Ijumaa bado kuna kiasi, na yeye anaona siku zimepita yuko sawa basi amepona. Alafu presha yenyewe ikipanda tena haina uchungu. Watu wengi wanangoja kichwa kiume ndo waamini, na kuna mtu anatembea na 170 miezi na kichwa hakijamuuma hata siku moja, huku mishipa ya ubongo na moyo na figo inachakaa. Huo upole wa dawa unaenda pande zote mbili, hata akianza upya inachukua kama wiki moja kufikia nguvu yake kamili, kwa hivyo kumeza leo na kupima kesho kuona kama imefanya kazi hakutakusaidia. Akisahau siku moja ameze akikumbuka siku ile ile, ikishakuwa kesho ameze kimoja tu, asijumlishe viwili.

Miguu kufura. Kweli hiyo inaweza kuwa dawa, ni jambo linalojulikana sana na amlodipine na hutokea zaidi dozi ikiwa kubwa, ndio maana pia sikutaka aongezewe kiholela. Dawa inafungua mishipa midogo inayopeleka damu, presha inashuka, lakini maji kidogo yanavuja yanateremka kwa vifundo vya miguu, zaidi jioni baada ya kusimama. Hiyo si figo kuharibika. Mwambie mama kwa upole kwamba anaogopa kitu cha kweli, figo ziko hatarini, ila kinachoziharibu ni presha isiyotibiwa. Lakini pia nisikudanganye kwamba kila mguu unaofura ni amlodipine, moyo uliochoka hufurisha, figo pia. Kwa hivyo aombe vipimo vya damu vya figo, mkojo uangaliwe kama una protini, na moyo usikilizwe. Vikiwa sawa, daktari ana njia, anaweza kupunguza dozi na kuongeza dawa ya kundi lingine kama losartan ambayo hata hupunguza kule kufura, ama ambadilishie kabisa. Dawa za presha ziko za aina nyingi, hakuna haja mama ateseke na moja mpaka aitupe. Kitu asifanye ni kuazima za jirani za kukojoza maji, kwa huu ufuraji wa amlodipine hazisaidii sana na zinaweza kumvurugia chumvi za mwili. Na ukiona mguu mmoja tu umefura, una joto na unauma, huo usingoje kliniki, peleka siku hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Kuna swali hukuniuliza lakini mimi lazima nikuulize wewe. Mama ana shida ya magoti? Anameza nini akitoka shambani ama sokoni? Maana diclofenac na ibuprofen zinauzwa kama peremende kila kona, na hizo mbili hupandisha presha na kuumiza figo, na mtu anaweza kuwa anameza ya presha asubuhi na ya magoti usiku zinavutana. Kwa maumivu ya kawaida paracetamol ni salama zaidi kwake. Fungua tu mkoba wake, kwa heshima lakini, uangalie.

Chakula nitakigusia kidogo kwa sababu ushauri mwingi mnapewa ni wa vyakula vya supamaketi ambavyo hakuna mtu anakula. Chakula chetu cha huku ni kizuri. Samaki, mboga zetu za kienyeji kama osuga, apoth, boo, dek, hakuna ninachomkataza hapo. Shida ni chumvi na ile magadi. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai kikiwa flati, na hicho ni cha chakula chote cha siku pamoja na iliyo ndani ya mkate na viungo vya paketi vya mchuzi. Magadi unayoweka kulainisha apoth ama boo ina sodiamu ile ile ya kwa chumvi, watu hawaihesabu kwa sababu haina ladha ya chumvi. Osuga ukiiloweka na maziwa ilale, uchungu unatoka bila magadi. Samaki wa kukaushwa kwa chumvi amwache, ngege (tilapia) wa kuchemsha na nyanya, kitunguu, dhania na ndimu hahitaji chumvi nyingi. Mgongo wazi ya Obunga, ile mifupa ya mbuta ya kukaanga, ale siku moja moja, mafuta ni mengi, na chumvi ya kunyunyizia juu aseme wasimwekee. Kitunguu saumu ale kama anapenda, ila kisikae mahali pa kidonge. Kutembea, dakika 30 siku tano kwa wiki kunatosha.

Kwa kwenda, msikimbilie Russia, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, na laini yake kwa jambo kama hili. Anza na dispensari ama kituo cha afya cha karibu, huduma za msingi pale hazilipishwi akiwa amejisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, na uulize siku ya kliniki ya presha maana vituo vingi vina siku yake. Pia mtafute yule CHP, mhudumu wa afya ya jamii, wa mtaa wenu. Tangu 2023 CHP walipewa mkoba wenye mashine ya presha, na wao wanakuja hadi mlangoni, mama atapimwa akiwa ametulia kwa kiti chake mwenyewe na mtu anayemjua. Mimi nawategemea sana hao watu, wagonjwa wengi wanaofika kwangu mapema ni wao wamewatuma. Beba daftari, beba dawa zote anazomeza pamoja na za magoti na za kienyeji, na uulize maswali haya haya umeniuliza mimi.

Kabla ya hiyo kliniki, namba ikifika 180/120 na yuko sawa hana shida yoyote, akae dakika 5 apimwe tena, ikibaki hapo mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Lakini ikiwa juu hivyo na ana maumivu ya kifua, anakosa pumzi, mdomo umeenda upande, mkono ama mguu umelegea, maneno hayatoki vizuri ama macho yameingia giza ghafla, hapo sasa ndo Russia, moja kwa moja, na usimmezeshe vidonge vya ziada njiani. Hizo dalili hata mashine ikisoma 140 bado unaenda.

Wastani wa siku 7 ukiupata nitumie pamoja na mzunguko wa mkono na majibu ya figo, nitakuangalizia.