Kwa nini buluu ya tableti hutoka zambarau kwenye karatasi: jibu kwa mchoraji wa Kisumu

SWALI

Hujambo fundi. Mimi ni mchoraji wa kidijitali, naishi Manyatta hapa Kisumu. Nachora kwa mtindo wa anime, wahusika wangu mwenyewe na pia wale wa katuni za Kijapani tunaowapenda. Nimepata meza ya wasanii kwenye tamasha la anime na michezo ya video huko Nairobi, zimebaki wiki tano. Juzi nilituma mchoro wa A3 kwa WhatsApp kwenye duka moja la uchapishaji hapa mjini. Kwenye tableti ziwa ni buluu kali na machweo ni waridi inayowaka. Kwenye karatasi ziwa limekuwa zambarau, waridi imefifia, na mistari ina ukungu na ukingo wenye rangi. Nakala zilizotiwa laminesheni zilianza kujikunja baada ya siku mbili. Mwenye duka anasema mashine yake haina tabu. Tatizo liko wapi? Nitumie karatasi gani, nichapishe ngapi? Na je, naruhusiwa kuuza wahusika wasio wangu?

JIBU

Sijambo dadangu. Mwenye duka hakudanganya, na wewe hukukosea kuchora. Faili yako iliandaliwa kwa ajili ya kioo, ikapelekwa kwenye karatasi, na njiani ikapitia WhatsApp. Kazi yangu ni kutayarisha faili kabla hazijaingia mashinini, na dalili ulizotaja kila moja ina chanzo chake. Naanza na rangi, maana ndiyo inayowavunja moyo wachoraji wengi, na kuirekebisha hakuhitaji ununue kifaa chochote.

Kioo cha tableti kinatoa mwanga wake chenyewe. Kinachanganya nyekundu, kijani na buluu, na kadiri unavyoongeza ndivyo mwanga unavyozidi mpaka ufike weupe. Karatasi haina mwanga. Inarudisha ule ulioipata, na kila tone la wino linameza sehemu yake. Mashine ya uchapishaji ina rangi nne: siani (buluu inayoelekea kijani), majenta (waridi iliyokolea), manjano na nyeusi. Kwa hizo nne hupati waridi ya neoni, wala kijani cha limau kinachong'aa, wala buluu ile ya umeme. Mashine ikikutana na rangi isiyoiweza, programu yake hutafuta iliyo karibu, na iliyo karibu huwa imepoa.

Buluu ina tatizo la ziada. Katika uchapishaji inatengenezwa kwa siani na majenta, na viwango hivyo viwili vikikaribiana jicho linaona zambarau. Mafundi huacha pengo la asilimia 30 au zaidi kati yake: siani ikiwa 100, majenta isizidi 70. Kwa maji ya mchana ningeanzia siani 100 na majenta 55, manjano sifuri, kisha nipunguze zote kwa pamoja penye mwanga. Waridi ya machweo ipe majenta 80 na manjano 20 hivi, bila siani hata kidogo, kwa sababu siani chache tu ndizo zinazoichafua. Halafu usiiogope karatasi. Kijani cha magugumaji, kahawia ya Ghuba ya Winam baada ya mvua, chungwa iliyoiva ya jua la saa kumi na mbili jioni: rangi hizo zote ziko ndani ya uwezo wa mashine na zinatoka kwa heshima kubwa.

Sasa, hizo namba utaziweka wapi? Programu nyingi za kuchorea kwenye simu hufanya kazi kwa rangi za kioo peke yake. Procreate inakuruhusu kuchagua rangi za uchapishaji, lakini ni lazima uchague unapofungua turubai mpya, si baada ya kumaliza. Krita, ambayo ni ya bure, inazo pia, na ina kitu ninachokipenda zaidi: ukibonyeza Ctrl na Y inakuonyesha jinsi mchoro utakavyofifia ukichapishwa, huku faili yenyewe ikibaki kama ilivyo. Ukiwa na rafiki mwenye kompyuta, muombe saa moja. Waulize na wenye duka kama mashine yao inapokea faili ya rangi za kioo na kuibadilisha yenyewe. Nyingine hubadilisha vizuri kuliko programu ya mchoraji, na mashine za wino wa majimaji zenye rangi zaidi ya nne zinaweza kukupa waridi ambayo mashine ya tona, yaani ya wino wa unga, haiwezi.

Kabla hujagusa namba yoyote, punguza mwangaza wa tableti ufike nusu, zima kichujio cha usiku, na kama kioo chako kina hali ya rangi kali na hali ya rangi asilia, chagua asilia. Wengi wenu mnachora usiku, taa zimezimwa, kioo kimewashwa hadi mwisho. Mchoro uliochorwa hivyo hutoka na giza kwenye karatasi hata kama rangi zake zote ni sahihi.

Ukingo wa rangi kwenye mistari unatokana na nyeusi. Nyeusi ya kioo ikigeuzwa kuwa wino huwa mchanganyiko wa rangi zote nne, na mashine huziweka moja baada ya nyingine. Moja ikisogea sehemu ya kumi ya milimita, mstari mwembamba wa anime unaonyesha wekundu upande mmoja na ubuluu upande wa pili. Weka mistari kwenye tabaka lake (layer), na uifanye nyeusi 100 bila rangi nyingine yoyote. Kwa maeneo mapana ya giza, kama anga la usiku, fanya kinyume: nyeusi peke yake hutoka kijivu, kwa hiyo iongezee siani 60, majenta 40 na manjano 40. Usijaze zote nne hadi 100. Tona ikirundikana hivyo hubanduka kwenye kona.

Ukungu umeletwa na WhatsApp. Ukituma mchoro kama picha ya kawaida, huupunguza, mara nyingi hadi pikseli 1600 hivi kwa upande mrefu. Upande mrefu wa A3 ni milimita 420, karibu inchi 16.5, na hapo unabaki na nukta 97 kwa inchi. Unahitaji 300. Yaani turubai ya A3 iwe pikseli 3508 kwa 4961, tena iwe hivyo tangu mwanzo. Kuikuza baadaye hakurudishi kilichopotea. Ongeza milimita 3 kila upande, ile ziada ya kukatwa ambayo madukani huitwa blidi, ili kisu kikiyumba kisiache mstari mweupe pembeni. Kwa A3 yenye ziada hiyo ni pikseli 3579 kwa 5032. Usiweke jina lako wala uso wa mhusika karibu sana na ukingo. Hifadhi kama PDF, peleka kwa flashi au barua pepe, au kwa WhatsApp yenyewe ukiituma kama dokumenti.

Jambo ambalo ningekusihi ulifanye, hata ukiacha mengine yote, ni ukurasa wa majaribio. Chukua turubai moja ya A3. Bandika vipande vya michoro yako yote: jicho la huyu, nywele za yule, kipande cha anga, kipande cha ngozi. Hasa ngozi, kwa sababu ngozi za kahawia zikizidi majenta huonekana kama zimeungua na zikizidi siani huonekana gonjwa, na mteja wetu atalihisi hilo hata asipoweza kulieleza. Pembeni chora visanduku vidogo vya buluu na waridi, kila kimoja na namba zake zimeandikwa chini. Chapisha karatasi hiyo moja kwenye mashine ileile na aina ileile ya karatasi utakayotumia mwishoni. Kisha toka nayo nje. Usiihukumu chini ya taa ya dukani, simama mlangoni mchana. Chagua visanduku vilivyokaa vizuri, rudi urekebishe michoro kwa namba zake. Nyuma ya karatasi andika tarehe, duka na karatasi iliyotumika, uitunze. Mchoro wako ujao utauanza ukiwa na rangi zilizokwisha kukubali.

Kazi kamili ichapishwe yote siku moja. Muombe fundi aisawazishe mashine kwanza, hasa kama wamebadilisha tona, na mpe ule ukurasa wa majaribio aulinganishe na nakala ya kwanza kabla ya kuendelea. Fundi mzuri hachukii kuombwa hivyo.

Kujikunja kwa zile nakala ni kwa sababu plastiki ya laminesheni haibadiliki kwa unyevu, bali karatasi inabadilika. Ukifunika upande mmoja tu, upande wa nyuma hunywa unyevu wa hewa ya ziwani, hutanuka, na karatasi hujipinda kuelekea kwenye plastiki. Ukizipeleka Nairobi kwenye hewa kavu zaidi, zitapinda upya kwa namna nyingine. Kwa printi za kutundika ukutani mimi ningeacha laminesheni kabisa. Tumia kadi ya gramu 300 yenye uso laini usiong'aa, kwa kuwa taa za ukumbini zikimulika karatasi inayong'aa, mtu aliyesimama mbele ya meza anaona taa badala ya mchoro. Ziweke kwenye mifuko myembamba ya plastiki angavu na kadi ngumu nyuma, uzisafirishe zikiwa zimelala, si zimekunjwa ndani ya bomba. Stika ni jambo lingine: ziwe za vinaili na zitiwe laminesheni, maana zitabandikwa kwenye chupa za maji na kompyuta.

Kuhusu wahusika wasio wako, nitasema kama ninavyoelewa, na kwa jambo zito muone wakili. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaulinda mchoro maisha yote ya aliyeuchora na miaka 50 baada ya kifo chake. Kenya na Japani zote zimo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kwa hiyo mhusika aliyezaliwa Tokyo analindwa hata Kisumu. Kumchora kwa mkono wako hakukupi haki ya kumuuza. Ni kweli kwamba kazi za mashabiki zinauzwa kwenye matamasha duniani kote. Soko la Comiket huko Tokyo limekuwepo tangu 1975, na kampuni nyingi huliacha liendelee. Lakini hiyo ni hisani ya mwenye mali, anaweza kuiondoa wakati wowote. Soma masharti ya waandaaji wako, kwani baadhi huweka mipaka ya kazi za mashabiki. Usinakili picha kutoka kwenye filamu kwa kuifuata mstari kwa mstari, wala usitumie nembo na majina ya chapa.

Ningependa kuona nusu ya meza yako au zaidi ikiwa ni kazi yako mwenyewe. Ukanda huu umejaa hadithi zinazotaka kuchorwa kwa mtindo wenu. Luanda Magere, shujaa wa mwili wa jiwe ambaye uhai wake ulikuwa ndani ya kivuli chake, ni mhusika wa anime aliyekamilika. Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kijiji kilichogharikishwa baada ya kumkatalia bibi mzee hifadhi, ni ukurasa mzima wa rangi za usiku. Hadithi hizo ni za jamii nzima, ila namna utakavyozichora itakuwa mali yako tangu unapomaliza kuchora. Ukitaka ushahidi wa maandishi, isajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO.

Idadi sasa. Karatasi kubwa inayoingia mashinini, ile ya milimita 320 kwa 450, inatoa A3 moja, A4 mbili au A5 nne pamoja na ziada ya kukatia. Tuseme inakugharimu shilingi 120: A5 moja imesimama kwa 30 tu. Hapo ndipo ningeweka nguvu. Wanaokuja kwenye matamasha haya wengi ni wanafunzi. A3 wanaipenda lakini haiingii mkobani, na safari ya matatu itaiharibu. Chapisha A3 tano za kila mchoro kwa michoro yako mitatu bora, zikusaidie kuvuta macho kutoka mbali, na A5 kumi na tano za kila mchoro ulio nao. Usichapishe mia ya kitu kimoja kwa sababu bei imeshuka.

Piga hesabu ya mwisho kabla hujalipa. Kwa mfano, meza 6,000, nauli na malazi na chakula 6,000, uchapishaji 8,000: jumla 20,000. Kama kila mteja ataacha wastani wa 250, unahitaji wateja 80 ndipo urudishe fedha zako. Hesabu ikikutisha, tafuta mchoraji mwenzako wa kugawana meza na nauli. Namba ya till au ya Pochi la Biashara ichapishe kubwa, ionekane na aliyesimama mstari wa pili, na ubebe chenji ya noti za 50 na 100 kwa zile saa mtandao unapolemewa. Kila unachouza kiandike daftarini pamoja na ukubwa wake, ili oda ya tamasha lijalo uitoe humo.