Mtihani wa kusoma Kiingereza hupima nini hasa?

Barua nyingi zilizofika mwezi huu, kutoka kwa wanaoomba nafasi za chuo kikuu, wazazi wao na walimu wao, zinahusu jambo moja: sehemu ya kusoma katika mitihani ya Kiingereza. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu naamini wengi wenu mtajiona ndani yake.

SWALI: Ninasoma habari za Kiingereza kila siku na ninazielewa vizuri. Hata hivyo nimefanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, ule wa kitaaluma, mara mbili, na mara zote mbili nimepata 5.5 kati ya 9 katika kusoma, ilhali chuo ninachokiomba kinataka 6.5 katika kila sehemu. Nimeanza kuamini kwamba akili yangu haitoshi. Ninakosea wapi?
Mwombaji wa shahada ya kwanza

JIBU: Ndugu mwombaji, kwanza liondoe hilo la akili, kwa sababu mtihani huo haukuundwa kuipima. Unachopimwa ni uwezo wa kuchota maana katika maandishi mageni, kwa muda uliowekwa, bila kuongeza la kwako wala kupunguza la mwandishi. Hiyo ni stadi, na stadi hufundishika.

Tuanze na muda. Sehemu ya kusoma ina vifungu 3 na maswali 40 katika dakika 60, na vifungu vyote kwa pamoja huwa na maneno kati ya 2,150 na 2,750. Mtu mzima ambaye Kiingereza ni lugha yake ya kwanza husoma kimya wastani wa maneno yanayokaribia 240 kwa dakika, kwa hiyo huvimaliza kwa dakika 12 hivi. Wewe ukisoma maneno 100 kwa dakika, na kila sentensi ukaisoma mara mbili ili uwe na hakika nayo, utatumia hadi dakika 55 kabla hujajibu swali hata moja. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kama ungekuwa unasoma mkataba ningekuusia hivyo hivyo. Lakini hapa anayefaulu ni yule anayejua wapi apite haraka akitafuta jina au tarehe, na wapi asimame aisome sentensi moja kwa utulivu wote.

Habari za kila siku hazikuzoezi jambo hilo, kwa kuwa mara nyingi kisa chenyewe umekwisha kukisikia na unachofanya ni kuthibitisha unayoyajua. Makala ya kitaaluma haikupi msaada huo. Kiima kinaweza kuwa mwanzoni mwa sentensi na kitenzi chake kikaja maneno ishirini baadaye, na hoja nzima ikategemea neno dogo lenye maana ya "huenda", "kwa kiasi fulani" au "isipokuwa". Anayeliruka neno hilo huibuka na maana iliyo kinyume cha ile ya mwandishi, wala hajui kwamba amekosea.

Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufundisha, alama nyingi nimeziona zikipotea katika maswali yanayomtaka mtahiniwa aseme kama kauli fulani ni kweli, si kweli, au haikutajwa. Chukua mfano huu nilioutunga mwenyewe. Kifungu kinasema: "Nyuki wa aina hii hutafuta chakula alfajiri, kabla joto halijapanda." Kauli ya kwanza inasema kwamba nyuki hao hutafuta chakula wakati wa joto kali, hiyo si kweli, kwa sababu kifungu kinaipinga waziwazi. Kauli ya pili inasema kwamba joto kali huwaua nyuki hao. Wengi huandika kuwa ni kweli, maana inaingia akilini na pengine hata katika maumbile iko hivyo, lakini kifungu hakikusema neno lolote juu ya kufa, kwa hiyo jibu ni kwamba haikutajwa. Mtahiniwa amejibu kwa elimu yake mwenyewe mahali alipoulizwa kuhusu maandishi. Kwa msomaji mwenye udadisi na maarifa mengi kosa hili ni jepesi kulifanya, na ndiyo maana huniuma kila ninapoliona.

Kwa hiyo, kwa wiki kadhaa, fanya zoezi hili. Soma makala moja ya kitaaluma kila siku kwa kupima muda, jibu maswali yake, kisha urudi uweke kidole juu ya mstari unaolithibitisha kila jibu. Jibu lisilo na mstari wake lihesabu kuwa kosa, hata kama kwa bahati limelingana na la kitabu. Pengo lako si kubwa kama unavyolihisi: kwa kawaida majibu sahihi 23 hivi huleta alama ya 6, na 30 hivi huleta 7, kwa hiyo kutoka ulipo hadi 6.5 unahitaji majibu sahihi ya ziada yasiyofika kumi. Tena, tangu 2023, waliofanya IELTS kwa kompyuta wanaweza, katika vituo vinavyotoa huduma hiyo, kurudia sehemu moja tu ndani ya siku 60, lakini kiulize chuo chako kwanza kama kinakubali matokeo ya namna hiyo.

SWALI: Muda ukiniishia, je, niyaache wazi maswali ambayo sikuyafikia? Na matokeo hudumu kwa muda gani?
Mtahiniwa wa mara ya kwanza

JIBU: Usiache pengo hata moja, kwa kuwa katika IELTS, na katika TOEFL ambao nao ni mtihani wa Kiingereza, jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Matokeo ya mitihani yote miwili hutambuliwa kwa miaka 2.

SWALI: Binti yangu anahifadhi maneno 50 ya Kiingereza kila siku kutoka katika orodha, na usiku hulala amechoka sana. Je, hii ndiyo njia sahihi?
Mama wa mwombaji

JIBU: Mzazi mwenzangu, bidii ya binti yako ni ya kuheshimiwa, ila inahitaji kuelekezwa. Ipo orodha nzuri ya msamiati wa kitaaluma iliyochapishwa na mtafiti wa msamiati Averil Coxhead mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno, yaani neno pamoja na maumbo yanayotokana nalo, na hizo peke yake hubeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi ya kitaaluma. Hiyo inastahili kujifunza. Lakini watafiti wa msamiati wamekadiria kwamba ili msomaji aelewe maandishi bila msaada anahitaji kuyajua maneno yapatayo asilimia 98, yaani akwame mara moja tu katika kila maneno 50, na kufikia hapo kunadai familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Mzigo huo haubebeki kwa kukariri. Neno hukaa kichwani linapokutwa mara nyingi katika sentensi tofauti, na humo ndimo msomaji anapogundua kwamba neno lile lile lina maana moja kwenye uchumi na nyingine kwenye biolojia. Mwambie ajifunze maneno kumi, na muda unaobaki asome vitabu anavyovipenda, vyepesi kidogo kuliko anavyodhani vinamstahili. Na alale mapema.

SWALI: Nimepewa kazi ya kutunga mtihani wa ufahamu wa Kiingereza kwa waombaji wa chuo chetu. Nitajuaje kama vifungu nilivyochagua ni vya haki kwa wote?
Mwalimu wa lugha

JIBU: Mwalimu mwenzangu, hatari kubwa imo katika mada. Mwaka 1972 wanasaikolojia Bransford na Johnson waliwapa watu aya yenye maneno mepesi kabisa kuhusu kufua nguo, bila kuitaja kazi yenyewe. Walioambiwa mada kabla ya kuipokea aya waliielewa na kuikumbuka vizuri zaidi kuliko wasioambiwa, na kuambiwa baadaye hakukusaidia. Kwa hiyo kifungu cha fizikia kitampa mwanafizikia nafasi ambayo si ya Kiingereza chake, nawe utadhani umepima lugha. Changanya mada, na uepuke zile ambazo kundi moja la waombaji limezisomea.

Kisha yajaribu maswali yako kwa njia hii: wape watu kadhaa maswali bila kifungu. Yakiwa maswali 20 yenye majibu manne manne ya kuchagua, anayebahatisha atapata wastani wa 5. Wakipata 11 au 12, maswali yako yanajibika bila kusoma, na itakubidi uyatunge upya. Na kwa wale watakaoukosa mpaka wa kufaulu kwa alama moja au mbili, nakusihi uombe chuo kiangalie ushahidi mwingine kabla ya kuwakataa, kwa sababu mwombaji yule yule akirudi wiki ijayo na vifungu vingine anaweza kuuvuka mpaka huo bila kuwa amejifunza neno moja jipya.