"Testi zote zimehifadhiwa": wadogo zangu matesta, mnajidanganya

Haya wadogo zangu, nimejizuia ila imeshindikana. Nimetoka kusoma ripoti ya kufunga mradi ya dogo mmoja, kijana mzuri tu, anadaka bagi (kosa la programu) kuliko nilivyokuwa mimi nikianza, halafu kwenye kipengele cha testi kaandika mstari mmoja: "Testikesi zote zimehifadhiwa," yaani maelezo ya kila jaribio, hatua zake na matokeo yanayotarajiwa. Nikauliza ziko wapi, nikatumiwa linki ya folda. Ndani ya folda kuna zipu, ndani ya zipu kuna faili moja la Excel linaitwa FINAL_mpya_2. Nikafunga laptopu nikaenda kunywa maji.

Na siyo yeye peke yake, kila mradi ukifungwa naona hivyohivyo. Wale mliofanya ISTQB, ile mitihani ya kimataifa ya matesta, mmesoma kabisa kwamba kukamilisha testi ni hatua ya mchakato, kwamba vitu vyote vya testi vinatakiwa kutunzwa au kukabidhiwa, mmelijibu swali kwenye mtihani mkafaulu, mkifika kazini mnaliruka. Kwa hiyo tuongee.

1. Usihifadhi zote. Najua inauma kutupa kazi yako ila testi nyingi zikishatoka kwenye mradi wake ni takataka. "Bonyeza kitufe cha bluu juu kulia" itamsaidia nani mwakani? Mimi najiuliza hivi: mfumo huu ungeandikwa upya kwa lugha nyingine na skrini nyingine kabisa, hii kesi ingebaki na maana? Ikibaki iokoe. Zinazobaki mara nyingi ni zile za sheria za biashara (vikomo, kukadiria desimali, nani anaruhusiwa kuidhinisha nini), zile zilizozaliwa na bagi la kweli, na zile za kila mfumo: Februari 29, mwaka 1900 ambao haukuwa mrefu na 2000 ambao ulikuwa mrefu, tarehe za baada ya 19 Januari 2038 (siku saa ya mifumo ya biti 32 inapojaa), jina lenye ng' ndani yake, mtandao kukatika katikati. Hizo ni mali. Kesi hamsini safi zinatosha kuliko elfu mbili ambazo hakuna atakayezifungua.

2. Andika matokeo yanayotarajiwa kama vile wewe hutakuwepo. Maana kweli hutakuwepo, na hata ukiwepo hutakumbuka. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna mradi wa malipo niliwahi kuwa testa mkuu wake. Kitu kilichotutesa ni kurudisha muamala: mtumiaji anabonyeza rudisha, mtandao unakata kabla jibu halijafika, anabonyeza tena, mfumo unarudisha hela mara mbili. Tulilidaka kabla ya kwenda laivu, madevelopa wakarekebisha kwa kuliwekea kila ombi namba yake ya kipekee ili likija mara ya pili lisifanyiwe kazi tena, na mimi kwa mkono wangu nikaandika testi ya rigresheni, ya kuhakikisha bagi lililorekebishwa halirudi. Mradi ulipoisha nikaekspoti kila kitu kutoka kwenye mfumo wa kutunzia testi, nikazipu, nikasaini fomu. Nilijiona mtu wa utaratibu kweli.

Baadaye ukaja mradi mwingine, mteja mwingine, lakini sehemu ya kurudisha muamala ni ileile. Kwenye kikao cha kupanga kazi nikajitapa, nikasema testi za eneo hili tunazo tayari tupunguze siku, meneja akafurahi akazikata. Ndio nikafungua zipu. Hatua ya kwanza: "Ingia na yule yuza wetu wa kawaida." Yuza gani? Hatua ya tatu: "Fanya kama kesi ya juu," na ekspoti ilikuwa imezipanga kesi kwa alfabeti, kwa hiyo ya juu siyo ya juu tena. Matokeo yanayotarajiwa: "angalia skrinishoti," na skrinishoti hazikutoka na ekspoti, zilibaki linki tu zinazoelekea kwenye seva iliyozimwa siku mradi ulipofungwa. Namba za mahitaji nazo zinaelekea kwenye wiki, tovuti ya maelezo ya mradi, ambayo haipo tena. Halafu nikakutana na kesi moja, jina langu liko pale kama mwandishi, na matokeo yanayotarajiwa yanasema hivi: "Ile ishu ya Alhamisi isijirudie."

Alhamisi gani jamani? Nikawatafuta wenzangu wa zamani, mmoja hakumbuki, mwingine kacheka tu. Nikaona aibu kurudi kwa meneja kusema zile testi nilizojitapa nazo hazitumiki na siku zimeshakatwa, nikairuka hiyo kesi. Ndiyo, niliiruka. Mfumo ukaenda laivu, jioni moja mtandao ukayumba, watu wakabonyeza mara mbili, hela zikatoka mara mbili, na mimi niko kwenye simu ya dharura usiku developa ananielezea bagi hatua kwa hatua, akifika katikati ndio nakumbuka Alhamisi ilikuwa nini. Sikusema neno. Kesho yake ndio nikamwandikia meneja barua pepe ndefu, na ile barua ilinishinda kuandika kuliko testi yoyote.

Ilitakiwa iandikwe hivi: muamala wa 5,000 umekamilika, tuma ombi la kurudisha, kata mtandao kabla ya jibu, tuma tena ombi lenye namba ileile. Matarajio: salio limeongezeka 5,000 tu, rekodi ya kurudisha ni moja, jibu la pili ni sawa na la kwanza. Chini yake mstari wa sababu, kwa nini kesi hii ipo na bagi gani liliizaa. Ni dakika tano za kuandika, basi. Ule mstari wa sababu mnauona wa ziada, mimi naona ndio wa kwanza kuokolewa, hata ukikosa muda wa hatua zote.

3. Data ya testi usiiache Excel. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri, namba ya kadi yenye tarakimu 16, tarakimu ya mwisho inageuka sifuri kwa sababu Excel inashika tarakimu 15 tu, ukiandika 1-2 inakuwa tarehe. Na ndiyo programu hiyohiyo inayoamini mpaka leo kwamba mwaka 1900 ulikuwa na Februari 29, halafu unaikabidhi testi zako za mwaka mrefu! Weka maandishi ya kawaida, CSV (safu zinazotenganishwa kwa koma), ndani ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la faili, na tafadhali hiyo CSV usiifungue kwa Excel ukaisevu, utajirudisha kulekule.

4. Data halisi ya wateja haihifadhiwi, tengeneza ya bandia yenye maumbo yaleyale.

5. Skripti za otomesheni, zile zinazofanya testi zenyewe bila mtu, zinaoza haraka kuliko zote. Hifadhi pamoja na faili linalofunga matoleo ya kila maktaba na maelezo ya mazingira, ila usitegemee skripti ya leo ya Selenium (zana ya kuendesha kivinjari yenyewe) itakimbia mwakani kwenye skrini zilizobadilika. Jedwali la ingizo na matarajio litenge na msimbo, lenyewe ndilo litakaloishi.

6. Kutumia tena nako kuna mtego. Mnaijua Ariane 5, roketi ya Ulaya, 4 Juni 1996? Programu ya mwelekeo ilitoka Ariane 4, kule ilifanya kazi vizuri. Roketi mpya ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya mlalo, namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia kwenye biti 16 ambazo mwisho wake ni 32,767, haikuenea, na roketi ikaangamia sekunde kama 40 tu baada ya kuruka. Uchunguzi ulikuta programu ile haikujaribiwa kwa njia ya kuruka ya roketi mpya. Kwa hiyo kila kesi unayoihifadhi iandikie kikomo chake kilitoka wapi: ni sheria, ni uwezo wa mfumo wa zamani, au mteja alitaka tu. Vinginevyo mwenzio ataibeba ilivyo, itapita kijani, na hamjapima kitu.

7. Kabla hujasaini fomu, mpe mtu wa timu nyingine kesi tatu azifanye bila wewe kuwa pembeni. Akiuliza swali usimjibu kwa mdomo, nenda kaandike jibu kwenye kesi. Utachukia zoezi hili.

8. Leseni. Uliza sasa hivi leseni ya mfumo wa testi inaisha lini, siyo wiki ya mwisho. Nimeona timu imefika Jumatatu imekuta akaunti imefungwa na muuzaji anataka walipie mwaka mzima ndio waingie kuekspoti. Ukiekspoti anza na viambatisho, kisha zima mtandao ufungue lile faili kwenye kompyuta ambayo haijawahi kugusa mradi, uone picha zinafunguka au ni linki.