Maswali ya Wasomaji: Kamera Mbili Shingoni, Filamu Ipi Iko Wapi?

SWALI: Napiga picha za harusi hapa Tanga kwa filamu. Natembea na Nikon FM2 mbili na Canon AE-1 moja. Shughuli ikipamba moto nasahau ipi ina filamu ya rangi na ipi ina nyeusi na nyeupe. Tena filamu moja nzima imetoka tupu. Nifanyeje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Canon iache nyumbani. Lenzi zake haziingii kwenye Nikon, na betri yake ya volti 6 ikiisha haifyatui kabisa. FM2 inatumia LR44 mbili kwa kipima mwanga tu. Zikifa, shata inaendelea kufanya kazi.

Hizo mbili zilizobaki, kila moja ipe lenzi yake na usibadilishe hadi shughuli iishe: filamu ya rangi na milimita 35, nyeusi na nyeupe na milimita 85. Ukiishika tu, hata ukumbini taa zikiwa zimezimwa, urefu wa lenzi unakuambia kilichomo. Juu ya hapo, bandika nyuma ya kila kamera kipande cha boksi la filamu yake, na ukibadilisha filamu hakikisha ISO ya kwenye kamera (namba ya wepesi wa filamu kupokea mwanga) kabla hujafunga begi. Filamu ya 400 ikipigwa kama ya 100 bado picha utapata. Ya 100 ukiipiga kama ya 400, nyuso zilizo kivulini zinapotea.

Sasa hiyo iliyotoka tupu. Itazame pembezoni: kama namba na jina la filamu vinasomeka, msafishaji hana kosa, filamu haikupata mwanga. Mara nyingi ncha ya filamu huwa imechomoka kwenye roda inayoivuta upande wa kulia. Ukishafunga mlango, zungusha taratibu kishikio cha kurudishia filamu, kile cha juu kushoto, mpaka kikaze. Kisha vuta wenzo wa kusogeza filamu na ukitazame kishikio hicho: kikizunguka, filamu inatembea. Kikitulia, fungua uanze upya hapo hapo. Hesabu ya picha isikudanganye, maana hupanda hata kamera ikiwa haina kitu.

Mikanda ya kubebea isilingane: mmoja mfupi, kamera ikae kifuani, mwingine mrefu, upite begani hadi nyongani. Hazitagongana. Filamu mpya mfuko wa kushoto, zilizopigwa wa kulia, na ncha irudishwe yote ndani ili usiipige mara mbili.

SWALI: Nikitaka kutoa filamu katikati, kwenye picha ya 14, itaharibika?

JIBU: Haiharibiki ukiwa na subira. Andika 14 kwenye kikopo. Bonyeza kitufe kilicho chini ya kamera, rudisha filamu polepole huku ukisikiliza. Kishikio kikilegea ghafla, simama, ncha imebaki nje. Ikunje ili isidhaniwe mpya. Siku ya kuirudisha kwenye kamera, funika lenzi, weka kasi ya juu kabisa na f/16 (tundu dogo la lenzi), ufyatue mpaka hesabu ifike 16. Hizo mbili za ziada zinazuia picha kupandana.

SWALI: Uwanja wa ndege je?

JIBU: Filamu ambazo hazijasafishwa zisiingie kwenye mzigo mkubwa, mionzi ya huko ni mikali. Zitoe kwenye kamera, zitie kwenye mfuko unaoonyesha, uombe zikaguliwe kwa mkono. Mashine mpya za CT za kukagua mizigo ya mkononi zinaweza kuunguza filamu hata kwa kupita mara moja.